Ndugu Wawili Mlima Mmoja: FAL ya Rosario na SLR ya Enfield

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1982, batalioni ya tatu ya askari wa miavuli wa Uingereza iliukwea mlima Longdon, nje kidogo ya mji wa Stanley katika visiwa vya Falkland, ambavyo Waargentina huviita Malvinas. Juu, katikati ya miamba, walikuwa wamejichimbia askari wa Rejimenti ya 7 ya Argentina, wengi wao vijana wa miaka 19 au 20 waliokuwa wakitumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Walipigana mpaka kunapambazuka, mwamba kwa mwamba, pengine adui akiwa hatua chache tu. Na pande zote mbili zilishika bunduki moja.

Nasema moja, ingawa mwenye jicho la fundi ataniuliza maswali. Ya Waingereza iliitwa L1A1, na askari wenyewe waliiita SLR. Ya Waargentina iliitwa FAL. SLR ilitengenezwa Uingereza, kiwanda chake mashuhuri kikiwa kile cha serikali cha Enfield, pembeni mwa London. FAL ya Argentina ilitoka kiwanda cha jeshi cha Domingo Matheu, mjini Rosario. Zote mbili ni nakala za leseni za bunduki ya kampuni ya FN ya Herstal, Ubelgiji. Argentina ilikuwa pia na za mwanzo ilizonunua Herstal kwenyewe kabla ya Rosario kuanza kazi, lakini kwa jumla ule ulikuwa ugomvi wa watoto huku mama yuko nyumbani.

Swali la "nakala ikoje mbele ya asili" kwa kawaida hujibiwa kwa stori za kijiweni: ya Mbelgiji ndiyo chuma, hizo nyingine bati. Hapa tuna kitu bora kuliko kijiwe. Tuna nakala mbili zilizotokana na michoro ileile, kila moja ikatengenezwa kihalali kwa zaidi ya miaka 20, kisha zikakutana kwenye baridi moja na tope moja, risasi zake kipimo kimoja.

Tuanze na mama.

Mchoraji wa FAL ni Dieudonné Saive, Mbelgiji aliyejifunza kazi chini ya Mmarekani John Browning. Browning alifariki mwaka 1926 akiwa hapohapo kwenye kiwanda cha FN, na Saive ndiye aliyeimalizia bastola ambayo baadaye dunia iliijua kama Hi-Power, iliyotoka mwaka 1935. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji, Saive alikimbilia Uingereza akaendelea na kazi huko. Baada ya vita akarudi Herstal, na FAL ikazaliwa. Kwanza ilibuniwa kwa risasi fupi ya Kijerumani, ikajaribiwa na risasi fupi ya Waingereza, na mwisho ikalazimika kumeza risasi kubwa waliyoitaka Wamarekani, ile ya 7.62 kwa 51 iliyopitishwa na NATO. Jina lake kwa Kifaransa lina neno "nyepesi" ndani yake. Ukiibeba siku nzima, ikiwa na zaidi ya kilo 4 kabla hujaijaza risasi, utajua kwamba wapaji majina walikuwa ofisini.

Utendaji wake si wa ajabu. Risasi ikipita mtutuni, sehemu ndogo ya gesi hupenya kwenye tundu, ikasukuma pistoni, pistoni ikasukuma kibebeo cha bolti kurudi nyuma. Bolti hujifunga kwa kuinamisha kisogo chake mbele ya kizuizi cha chuma, na kibebeo kinaporudi hukiinua kisogo hicho kikaachia. Kiasi cha gesi hurekebishwa kwa pete ndogo: bunduki ikichafuka na kuanza kuwa nzito, askari anaizungusha pete, gesi zaidi inaingia, kazi inaendelea. Nakala zote nitakazozitaja zina moyo huohuo. Hakuna aliyegusa hapo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya leseni nzuri, kwamba mnunuzi anajua cha kuacha.

Nchi zaidi ya 90 ziliitumia. Austria iliitengeneza kwa leseni pale Steyr, Afrika Kusini ikaiita R1, Brazil, Israel, Australia na Kanada nao wakawa na zao. Mmoja alinyimwa, na kunyimwa kwake kukazaa historia nyingine. Ujerumani Magharibi ilinunua FAL kwa maelfu katikati ya miaka ya 1950, ikaiita G1, kisha ikaomba kuitengeneza nyumbani. Ubelgiji, iliyokwisha kukaliwa na Wajerumani mara mbili ndani ya miaka 30, haikukubali. Wajerumani wakageukia mchoro uliokuwa Hispania, wakapata G3, na G3 nayo ikatolewa leseni kwa wengi: Ureno, Uturuki, Pakistan, Iran, Norway, Sweden. Msomaji wa Kenya anayesoma habari za polisi kila wiki analijua jina G3 kama anavyolijua jina la mtaa wake. Mzizi wa jina hilo ni leseni iliyokataliwa.

Sasa, leseni yenyewe ni nini? Watu hudhani ni ruhusa tu, karatasi yenye muhuri, kisha mnunuzi anachukua bunduki moja mezani na kuiigiza. La hasha. Kuigiza bila leseni kupo, na nitakuja hapo. Mwenye leseni hupewa michoro ya kila kipande, na kwenye kila mchoro kila kipimo kina kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua. Hupewa maelezo ya aina ya chuma na namna ya kukipasha moto na kukizima ili kiwe kigumu nje bila kuwa kama kioo ndani. Hupewa vipimo vya geji, vile vyuma viwili vya kukagulia: kimoja lazima kiingie, kingine lazima kisiingie. Kipande kikivimeza vyote viwili kinatupwa. Hapo ndipo ubora ulipo. Chuma hakijui kiko Herstal au Rosario. Kinamjua mkaguzi mwenye geji, na kama mkaguzi huyo ana ujasiri wa kukataa sanduku zima siku ya Ijumaa saa tisa mchana.

Kwa hiyo kama Rosario walifuata karatasi, na walifuata, FAL yao ni FAL. Magazini ya Ubelgiji inaingia na kutoka, vipuri vinaoana. Argentina ilifuata mchoro wa mama karibu neno kwa neno, ikaongeza matoleo ya familia kama lile la kitako cha kukunja na lile la mtutu mzito. Hakuna drama hapo, na ndiyo maana sehemu hii ni fupi.

Drama iko kwa Mwingereza.

Uingereza, Kanada na Australia zilitaka bunduki hii, lakini viwanda vyao vilikuwa vya inchi. Mashine, geji, visu vya kukatia nyuzi za skrubu na macho ya mafundi, vyote vya inchi. Michoro ya Herstal ilikuwa ya milimita, tena imechorwa kwa mpangilio wa Ulaya, ambapo sura ya pembeni ya kipande huwekwa upande ambao Mmarekani au Mkanada hawezi kuitarajia. Kanada ndiyo iliyoifanya kazi kubwa ya kuichora upya bunduki nzima kwa inchi. Kila namba iligawanywa kwa 25.4, kisha mtu akaamua aikate wapi. Huwezi kumwambia mkereza akate inchi 0.23622. Unamwandikia namba anayoweza kuipima, na ukishafanya hivyo mara mia kadhaa umepata bunduki inayofanana na ile ya kwanza kwa sura na tabia, ila si ileile.

Tofauti hii niliielewa kwa mikono kabla sijaisoma popote. Nilijifunza kazi kwenye gereji iliyokuwa ikihudumia Land Rover za zamani, zile za Mwingereza, na Toyota zilizoanza kuzipiku. Siku ya kwanza fundi mkuu alinipa spana namba 13 nifungue nati ya nusu inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ikaingia, ikacheza kidogo, nikavuta, nati ikafunguka. Nikajiona bingwa. Akanipa spana ya nusu inchi nikafungue nati ya 13 kwenye Toyota. Haikuingia, na isingeingia hata ningeipiga nyundo. "Umeona?" akasema. "Moja inakukubalia huku inakula kona za nati. Nyingine inakukatalia kabisa. Ile inayokukubalia ndiyo ya kuogopa."

Weka hilo akilini, twende kwenye magazini.

Magazini ya FAL ni ya risasi 20. Huichomeki moja kwa moja kutoka chini. Unashikiza ukingo wake wa mbele kwanza kwenye mdomo wa bunduki, kisha unaisukuma sehemu ya nyuma juu mpaka kitasa kilie. Kwenye ya Ubelgiji, na kwa hiyo ya Argentina, kinachoshika mbele ni nundu ndogo iliyobinywa kutoka kwenye bati lilelile la magazini. Ni rahisi kuitengeneza, na bei yake ni ndogo. Waingereza na wenzao waliiona hiyo nundu wakasema itachakaa. Wakaweka kipande cha chuma cha kando, kikubwa zaidi, kikaungwa mbele ya magazini kwa kulehemu. Ni kigumu, na hata kiganja chenye glavu gizani hukitafutia mahali pake kwa urahisi. Ili kikae, tundu la mbele kwenye bunduki nalo likapanuliwa.

Matokeo ni yaleyale ya gereji. Magazini ya Argentina huingia kwenye SLR ya Mwingereza, ikacheza kidogo, na kwa kawaida bunduki inapiga. Magazini ya Mwingereza haiingii kwenye FAL ya Argentina hata kwa nyundo. Bunduki mbili za mama mmoja, na maiti ya adui ina thamani kwa mmoja tu.

Si magazini peke yake. Mkono wa kukokia wa SLR hukunjika ukalala ubavuni mwa bunduki, wakati ule wa FAL ya kawaida ni kirungu kilichosimama. Kitasa cha magazini na swichi ya usalama vya SLR ni vikubwa zaidi, kwa ajili ya vidole vilivyoganda. Kibebeo cha bolti cha SLR kimechongwa mifereji ya kupinda ili mchanga uingiao upate pa kukaa bila kukaba mwendo, jambo lililotokana na majaribio ya jangwani. FAL ya Herstal hubaki wazi risasi ya mwisho ikitoka, ikikuambia kwa sauti kwamba umeishiwa. Waingereza waliliondoa hilo, wakihofia kwamba bunduki iliyobaki wazi inakaribisha uchafu. Askari wa SLR alijua ameishiwa pale alipofyatua na kusikia "klik" tupu. Binafsi naona hapo walikosea, maana kati ya mchanga na kuishiwa risasi bila taarifa mbele ya mtu anayekutafuta, mimi ningechagua mchanga. Lakini wao walikuwa na sababu, na sababu yao ilitoka kwenye majaribio. Walinunua Ubelgiji bunduki za majaribio kabla ya kuanza kuzitengeneza, wakazigawia vikosi vyao katika mazingira mbalimbali, na baadhi zilifika Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Misitu ya Aberdare na jangwa vyote vimeacha alama kwenye chuma hicho.

Jambo kubwa kuliko yote halikuhusu vipimo. FAL ya Argentina ilikuwa na chaguo la kumimina risasi mfululizo. SLR ilipiga moja moja tu. Waingereza waliamua hivyo tangu mwanzo, na sababu zilikuwa mbili: risasi ya 7.62 ni kali mno kwa bunduki ya uzito ule, mdomo wa mtutu unapanda baada ya risasi ya pili na ya tatu inakwenda kwa ndege. Pili, askari aliyepewa swichi ataitumia, na magazini ya risasi 20 kwa kasi ya risasi 650 hivi kwa dakika inakwisha kabla ya sekunde mbili. Hesabu hiyo ni ya kutisha kwa yule anayebeba masanduku mgongoni.

Hapa ndipo ninapoanza kuwa na msimamo. Tofauti kati ya nakala na asili imelala kidogo sana kwenye ubora wa chuma, na sana kwenye majibu ambayo mnunuzi aliyatoa alipoulizwa "unamwamini askari wako kiasi gani?" Mwingereza alikuwa na jeshi la watu waliofundishwa shabaha. Akachonga bunduki inayowalazimisha kulenga. Argentina ilikuwa na vijana wa mwaka mmoja jeshini. Ikaacha swichi kama ilivyochorwa Herstal. Leseni ni ileile, bunduki zikawa mbili.

Mlimani Longdon, na kabla yake Goose Green tarehe 28 Mei ambapo kamanda wa batalioni ya pili, Luteni Kanali H. Jones, aliuawa, tofauti hiyo ilisikika kwa masikio. Mfululizo kutoka kwenye FAL huwainamisha watu vichwa hata usipowapata, na katika mapigano ya hatua 20 gizani kuinamisha vichwa ni nusu ya kazi. Waingereza waliokuwa chini ya mfululizo huo wapo walioitamani hiyo swichi. Waliokota FAL za adui na kuzitumia. Lakini usiku ukiwa mrefu na risasi zikiwa zimebebwa mgongoni kilomita nyingi kwenye majani mabichi, risasi moja moja nayo ina hesabu yake. Sikubaliani na wanaosema SLR ilishinda vita, wala na wanaosema FAL ya Argentina ilikuwa bora ikapotezwa na askari wabovu. Milima ile ilitwaliwa na makombora ya mizinga, bayoneti, mafunzo, na amri zilizofika kwa wakati. Vijana wa Argentina walikuwa wamelala kwenye mahandaki ya maji kwa wiki nyingi, miguu imeoza kwa baridi, chakula hakifiki mstari wa mbele. Bunduki iliyotunzwa na mtu wa namna hiyo huwezi kuiweka mizani moja na ya mtu aliyeipaka mafuta jana melini.

Na undugu wa vita vile haukuishia kwenye bunduki ya mkononi. Bunduki kubwa ya kikosi cha Waingereza, ile ya mkanda wa risasi waliyoiita GPMG, nayo ni nakala ya leseni ya FN, ile MAG iliyochorwa na Ernest Vervier. Waargentina nao walikuwa na MAG. Bastola za maofisa wa Uingereza zilikuwa Hi-Power za Herstal, na za maofisa wengi wa Argentina zilikuwa Hi-Power zilizotengenezwa Rosario kwa leseni. Baharini ndiyo kabisa. Uingereza ilikuwa na manowari za aina ya 42, na Argentina ilikuwa nazo mbili, moja imejengwa Uingereza na nyingine, Santísima Trinidad, imejengwa Argentina kwa michoro ya Kiingereza. Hiyo ya pili ilishiriki katika kuvitwaa visiwa siku ya tarehe 2 Aprili. Waingereza wakalazimika kuzichora zao mistari myeusi kutoka kwenye bomba la moshi mpaka majini ili wasizilipue wenyewe. Sheffield, iliyopigwa na kombora tarehe 4 Mei, ilikuwa na mstari huo.

Bunduki haikuchorwa mstari. Gizani ungemjua mwenzio kwa lugha tu.

Nimesema nitarudi kwa anayeiga bila leseni. India ilikuwa hapo. Mazungumzo na FN hayakufika mwisho, basi kiwanda cha Ishapore kikatengeneza bunduki iitwayo 1A1 kwa kuchunguza sampuli za inchi na za milimita kwa pamoja. Matokeo yake ni mtoto asiye na ubini: sehemu moja ya inchi, nyingine ya milimita, nyuzi za skrubu za kwake mwenyewe. Ilipiga, ikawatumikia askari wa India kwa miongo. Lakini ukiwa na sanduku la vipuri vya Enfield na jingine la vipuri vya Herstal, mbele ya 1A1 unaweza kukuta mikono mitupu. Huo ndio mstari ninaouchora mimi kati ya nakala ya leseni na nakala tu. Sichori kwa uimara. Nachora kwa swali moja la stoo: kipuri kikivunjika, nani mwingine duniani ana kinachoingia?

Na stoo yenyewe inaweza kuchafuka hata kwa leseni mbili halali. Rhodesia, Zimbabwe ya leo, ilirithi SLR za inchi kutoka kwa Waingereza. Ian Smith alipotangaza uhuru wa upande mmoja mwaka 1965, vikwazo vikafunga mlango wa London, na Afrika Kusini ikawa muuzaji. Bunduki zake, R1, ni za milimita. Basi jeshi moja likawa na FAL za aina mbili zinazofanana kwa mbali, magazini za rangi moja, na sheria ileile ya spana 13 na nusu inchi. Waliokuwa upande wa pili wa mtutu huo, wapiganaji wa ZANLA, jeshi la ukombozi la chama cha ZANU, waliopita kambi za Tanzania kama Mgagao kule Iringa, walibeba silaha za familia ya Kalashnikov kutoka nchi mbalimbali za kijamaa, na magazini zao kwa kawaida ziliingiliana bila kujali zilitoka China au Urusi. Kwa mpiganaji wa msituni, hilo ni jambo kubwa kuliko mjadala wowote wa chuma cha nani ni kizuri.

Sasa hukumu, maana kisa bila hukumu ni umbea. FAL ya Rosario ni asili iliyohamia mtaa. Ukiniwekea moja ya Herstal na moja ya Rosario za mwaka mmoja, zote zimetunzwa, sioni sababu ya kulipa zaidi kwa ajili ya muhuri. SLR ni jambo jingine. Hiyo ni tafsiri, na mfasiri alikuwa na maoni yake: akaongeza mifereji ya mchanga, mkono wa kukunja na ndoano imara ya magazini, akafuta swichi ya mfululizo na ile taarifa ya risasi ya mwisho. Kwa jangwani na kwa askari aliyefunzwa, tafsiri ilimzidi mwandishi. Kwa mapigano ya miamba gizani, mwandishi alikuwa na sentensi moja ambayo mfasiri aliifuta.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, nao haukutoka mlimani. Miaka mitatu baada ya Falkland, mwaka 1985, Waingereza walianza kuitoa SLR na kuleta bunduki yao wenyewe, SA80, iliyobuniwa Enfield, si nakala ya leseni ya mtu yeyote. Ikawa aibu. Ilikwama, ikadondosha magazini, askari wakaichukia wazi, na mwishowe ikapelekwa kwa Heckler & Koch, Wajerumani walewale wa G3, ili irekebishwe upya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda kilekile kilikuwa kimetengeneza nakala ya Mbelgiji kwa miaka mingi bila malalamiko makubwa. Anayedharau nakala ya leseni aanze kwa kueleza hilo.

Tarehe 14 Juni Waargentina walisalimu amri Stanley. Zaidi ya wanaume 11,000 wakapita mbele ya washindi na kuziweka silaha zao chini, FAL juu ya FAL, milima ya chuma iliyolowa mvua kandoni mwa barabara. Jumla ya waliokufa ilikuwa 649 upande wa Argentina, 255 upande wa Uingereza, na wakazi watatu wa visiwa. Wanajeshi wa Uingereza waliozipitia zile rundo walikuwa na SLR begani, na mtu aliyeinama kuokota magazini moja angeweza kuichomeka kwenye ya kwake.

Enfield ilifungwa mwaka 1988 na sasa ni makazi ya watu, yenye bustani na maegesho ya magari. Jeshi la Argentina liliendelea kushika FAL karne hii ilipoingia.